Hilux imeinuliwa, propela inatetemeka: kabari, kushusha giaboksi au krosi pacha?

Pikapu ikiinuliwa nyuma na mtetemo ukaanza kwenye sakafu, gereji nyingi zitakupa ushauri mmoja: weka kabari kati ya springi na ekseli, pua ya difu (boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma) iinuke iitazame propela, yaani bomba linalopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi difu. Kuna magari ambayo ushauri huo unayafaa kabisa. Lakini kwa Hilux yenye propela ya kawaida, kabari ya namna hiyo mara nyingi ndiyo inayozaa mtetemo ambao haukuwapo. Mwenye gari analipa mara mbili, kisha anaanza kulaumu matairi, krosi (viungo vinavyopinda kwenye ncha za propela), hata injini.

Hapa nalinganisha njia tano: kuacha ilivyo, kuweka kabari, kushusha giaboksi, kufunga propela ya krosi pacha, na kuhamisha vikalio vya springi, yaani sehemu za ekseli ambapo springi hukaa, kwa kuchomelea. Nimechukua Hilux kwa sababu nyuma ina ekseli ngumu yenye springi za bapa, na kwa sababu ndiyo gari linaloinuliwa zaidi kwetu, iwe kwa barabara mbovu, kwa mzigo au kwa kupenda tu. Hesabu zenyewe zinafaa gari lolote la kusukumwa na magurudumu ya nyuma lenye springi za aina hiyo.

Krosi inavyofanya kazi ikiwa imepinda

Krosi moja ikizunguka huku imepinda, upande wa pili hauzunguki kwa kasi sawa. Katika kila mzunguko mmoja unaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Kwenye nyuzi 3 tofauti ni ndogo mno, karibu asilimia 0.14 juu na chini ya kasi ya kawaida. Kwenye nyuzi 10 inafika asilimia 1.5, na kwenye nyuzi 15 inapita asilimia 3. Hupanda haraka kuliko pembe yenyewe, kwa hiyo nyuzi mbili zinazoongezwa juu ya nane hudhuru kuliko mbili zinazoongezwa juu ya tatu.

Ndiyo maana propela ina krosi mbili. Ya nyuma inarekebisha kile ilichovuruga ya mbele, na difu linapokea mzunguko ulionyooka. Hilo linahitaji masharti mawili. Kwanza, nira za ncha mbili za bomba la propela, yaani panda zinazoshika krosi, ziwe kwenye mstari mmoja. Pili, pembe ya krosi ya mbele na ya nyuma ziwe sawa, au zitofautiane kwa nyuzi 1 tu.

Sharti la pili ndilo linalosahaulika. Ili pembe mbili ziwe sawa, njia ya kawaida ni mhimili wa giaboksi na mhimili wa pinioni, ile gia inayopokea mzunguko puani mwa difu, viwe sambamba. Giaboksi likiinama nyuzi 3 kwenda nyuma, pua ya difu nayo iinuke nyuzi 3. Propela ipite katikati kwa mteremko wake yenyewe. Difu halitakiwi kuitazama propela. Linatakiwa kulala sambamba na giaboksi.

Krosi pacha, yaani krosi mbili zilizobanwa pamoja mbele na kufanya kazi kama kiungo kimoja, inageuza kanuni hiyo. Zile mbili zinasawazishana zenyewe palepale mbele, kwa hiyo krosi ya nyuma isipewe pembe ya maana. Hapo difu linapaswa kuitazama propela. Kwa hiyo usichague kabari kabla hujajua gari litabaki na propela ya aina gani. Ukibadilisha mpangilio huo, yote mengine yatakwenda kombo.

Pima kwanza

Huhitaji mashine ya gharama. Kipimo cha nyuzi chenye sumaku kinatosha. Hata simu inaweza, ukiivua kava na kuiegemeza kwenye kipande cha bati nene kilichonyooka. Kinachohitajika ni kusoma nusu nyuzi kwa uhakika.

Gari lisimame kwa magurudumu yake, juu ya shimo au juu ya rampu inayobeba matairi. Likining'inizwa kwa jeki chini ya chasisi, ekseli inashuka na vipimo vyote vinakuwa vya uongo. Tangi liwe na mafuta ya kawaida, na kama gari hushinda na mzigo, pima likiwa na mzigo huo. Hilux inayobeba mahindi siku sita kwa wiki isipimwe tupu.

Soma sehemu tatu: flenji ya giaboksi, bomba la propela, na flenji ya pinioni. Andika kila kimoja na upande kinaoinamia. Sakafu ikiwa imeinama kidogo si tatizo, maana tunachotafuta ni tofauti kati ya vipimo, mradi gari lisisogezwe katikati ya kazi. Vikiinama upande mmoja, toa kimoja kutoka kwa kingine. Vikiinama pande zinazopingana, jumlisha. Kama propela pia inakwenda mshazari ukiitazama kutoka juu, kuna pembe ya pili ya upande, nayo huongeza pembe halisi ya krosi.

Tuchukue mfano wa kukokotoa. Giaboksi limeinama nyuzi 3 kwenda nyuma, propela nyuzi 6, pua ya difu imeinuka nyuzi 3. Krosi ya mbele ina nyuzi 3, ya nyuma nyuzi 3. Gari halina tatizo.

Sasa inua nyuma kwa milimita 50, na propela iwe na urefu wa milimita 1,400 kutoka krosi hadi krosi. Propela inaongezeka mteremko kwa nyuzi 2 na kuwa 8. Krosi zote mbili sasa zina nyuzi 5. Zimeongezeka pamoja, kwa hiyo bado zinasawazishana. Fundi akija na kabari ya nyuzi 5 ili difu liitazame propela, krosi ya nyuma inakuwa na sifuri na ya mbele inabaki na 5. Hakuna tena cha kurekebisha uvurugaji wa ile ya mbele. Kwenye mizunguko 2,800 kwa dakika, propela inasukumwa na kuzuiwa zaidi ya mara 90 kila sekunde. Huo ndio mvumo unaousikia kifuani mwa gari.

Limeinuliwaje?

Swali hili linaamua dawa, na wengi hawaliulizi. Bloku za chuma zilizo bapa pande zote, zikiwekwa kati ya springi na ekseli, zinashusha ekseli bila kuizungusha. Kuongeza bapa za springi kunaizungusha kidogo sana. Lakini sheko ndefu, vile vipande viwili vinavyoshika mwisho wa nyuma wa springi, zinaizungusha waziwazi: mwisho wa nyuma wa springi unashuka, wa mbele unabaki palepale, na pua ya difu inainuka. Springi yenye urefu wa milimita 1,200 hivi, ikiongezewa sheko kwa milimita 50, inainua gari kwa milimita 25 tu na wakati huohuo inainua pua kwa karibu nyuzi 2.4.

Kwa hiyo Hilux mbili zinaweza kusimama gereji moja, zote zimeinuliwa, zote zinatetemeka, na moja ikahitaji kabari ya kuinua pua huku nyingine ikihitaji kabari ya kuishusha. Macho peke yake hayatakuambia ipi ni ipi.

Kuacha ilivyo

Kama vipimo vinaonyesha pembe mbili zilizo sawa, na ukubwa wake unaruhusiwa kwa mwendo wako, usiguse kitu. Dana, watengenezaji wa krosi za Spicer, hutoa viwango vya pembe ya juu kabisa kwa kila kasi ya propela:

| Mizunguko ya propela kwa dakika | Pembe ya juu ya krosi |
|---|---|
| 5,000 | nyuzi 3 na robo |
| 4,000 | nyuzi 4 na robo |
| 3,500 | nyuzi 5 |
| 3,000 | karibu nyuzi 6 |
| 2,500 | nyuzi 7 |
| 2,000 | karibu nyuzi 8 na nusu |

Kukadiria yako ni rahisi. Tairi la 265/70R16 lina mzingo wa mita 2.44 hivi. Ukiwa na difu la 4.1 (propela inazunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi), kwenye kilomita 100 kwa saa propela inazunguka karibu mara 2,800 kwa dakika, na kwenye 120 inakaribia 3,400. Katika mfano wetu nyuzi 5 zinaruhusiwa hadi 3,500. Gari lililoinuliwa milimita 50 kwa bloku linaweza kwenda Dodoma na kurudi bila kabari hata moja.

Likiinuliwa milimita 75, krosi zinafika nyuzi 6: salama kwenye kilomita 100, si salama kwenye 120. Kwa milimita 100 zinapita nyuzi 7 kidogo, na mwendo wa salama unashuka chini ya kilomita 90. Tairi dogo au difu lenye uwiano mkubwa zaidi linashusha mwendo huo, kwa sababu propela inazunguka haraka zaidi. Mwenye gari la shamba lisilopita kilomita 60 anaweza kuishi na nyuzi 8. Anayetoka Nairobi kwenda Mombasa kila wiki hawezi.

Kuna na kikomo cha chini. Krosi isiyopinda kabisa haizungushi vipini vyake vidogo vya ndani. Vinakaa sehemu moja na kuchimba mashimo. Iwe na angalau nusu nyuzi, na nyuzi 1 ni bora.

Kabari

Kwa pesa, hakuna inayoishinda. Ni kipande cha chuma chenye ncha moja nene, kinachoingia kati ya springi na kikalio chake kwenye ekseli. Zinazouzwa sana ni za nyuzi 2, 4 na 6. Kwenye Hilux nyingi, springi iko juu ya ekseli. Unene ukielekea nyuma ya gari, pua ya difu inainuka. Ukielekea mbele, inashuka. Kwenye gari ambalo springi inapita chini ya ekseli, mambo yanageuka, na hapo ndipo fundi aliyezoea gari moja hukosea kwa lingine.

Kati ya kabari za alumini na za chuma, sioni sababu ya kuchagua alumini kwenye gari la mzigo. Alumini husagika na kupasuka chini ya yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Ikimomonyoka kidogo yubolti zinalegea, na ekseli inaanza kutembea. Chuma kilichochongwa kwa upana kamili wa springi kinadumu. Usipachike kabari juu ya kabari. Nunua bolti ya katikati iliyo ndefu zaidi, kichwa chake kiingie sawasawa kwenye tundu la kikalio, na yubolti ziwe mpya.

Kabari inafaa pale pembe mbili zinapotofautiana kwa nyuzi 2 hadi 4. Haifai pale zinapolingana lakini zote ni kubwa mno. Haipunguzi pembe ya mbele hata kidogo. Inageuza ya nyuma tu. Jambo hili ningependa kila muuza spea pale Gerezani au Kirinyaga Road alimwambie mteja kabla hajapokea pesa yake.

Springi laini zinahitaji kitu kimoja zaidi. Ukikanyaga mafuta, ekseli inajizungusha na pua inapanda. Kwa hiyo gari likiwa limesimama, pua iachwe chini ya usambamba kwa nyuzi 1 au 2, ili lijisawazishe likivuta. Springi ngumu zilizoongezwa bapa hazihitaji hivyo, au zinahitaji kidogo tu.

Kushusha giaboksi

Njia hii hutumia vipande vya milimita 20 hadi 25 kati ya chasisi na boriti inayobeba giaboksi. Hapa pembe ya mbele inapungua kweli. Rudi kwenye mfano wa milimita 50, krosi zikiwa na nyuzi 5 kila moja. Ukishusha mkia wa giaboksi kwa milimita 25, giaboksi linainama karibu nyuzi 1.4 zaidi, na propela inapungua mteremko kwa karibu nyuzi 1. Mbele sasa kuna nyuzi 2.6. Nyuma kuna 4, kwa hiyo bado unahitaji kabari ya nyuzi 1.5 ili difu liwe sambamba tena na lenyewe lifike 2.6. Vyote viwili kwa pamoja vinapunguza pembe karibu nusu. Kimoja bila kingine ni kazi isiyokamilika.

Gharama yake si pesa. Injini inaegemea nyuma, kwa hiyo angalia feni isiguse kava lake la juu au la chini. Angalia bomba la ekzosi, mipira ya rejeta, nyaya, na fimbo ya gia isigonge sakafu. Boriti imeshuka, na ule uwazi wa chini uliouinulia gari umeurudisha kwa mkono wako. Kwa anayepita kwenye mawe hilo linauma. Kwa anayetumia lami na vumbi, sidhani ataligundua.

Kwa gari lililoinuliwa kati ya milimita 60 na 90, likiwa na propela ya kipande kimoja, hii ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza, pamoja na kabari yake ndogo.

Krosi pacha

Ukifika milimita 100 na bado unataka kilomita 110 kwa saa, hakuna hila nyingine. Krosi mbili za mbele zinagawana pembe. Propela ya nyuzi 10 dhidi ya giaboksi la nyuzi 3 inaleta nyuzi 7, na kila krosi inabeba 3.5. Difu linainuliwa hadi liitazame propela, likiachwa chini kwa nyuzi 1 au 2 kwa ajili ya kupanda likivuta. Hapa kabari ya nyuzi 5 hadi 6 si kosa, ni lazima. Ushauri uleule uliomharibia jirani yako ndio unaokufaa wewe, kwa sababu propela zenu si za aina moja.

Hesabu gharama zake zote. Propela ni nzito zaidi, inahitaji kubalansiwa vizuri, na katikati ya krosi pacha kuna tufe dogo linalozunguka ndani ya kikombe chake, linalotaka grisi kwa bomba la ncha nyembamba. Likikauka, propela inaweza kukatika. Pua ya difu iliyoinuliwa sana pia inachelewesha oili kufika kwenye beringi ya mbele ya pinioni, kwa hiyo kiwango cha oili kiangaliwe upya badala ya kujaza hadi tundu la zamani na kuondoka. Na kama uko Sumbawanga au Lodwar, jiulize nani atakupatia krosi hiyo ikifa. Propela ya kawaida inatengenezwa na fundi yeyote mwenye mashine ya kukereza.

Kuhamisha vikalio kwa kuchomelea

Matokeo yake ni sawa na kabari, bila kipande cha kulegea. Ni njia ya anayejenga gari moja kwa miaka mingi na amekwisha kuamua propela, springi na tairi. Mchomeleaji asiye makini atapinda bomba la ekseli kwa joto, na beringi za magurudumu zitalipa. Fanya mwisho, si mwanzo.

Propela ya vipande viwili

Dabo kebini nyingi na Hiace zina senta beringi, beringi inayoishika propela katikati pale vipande viwili vinapokutana. Dalili yao ni tofauti: gari linatikisika linapoondoka, hasa likiwa na mzigo au kwenye mlima, kisha linatulia. Kabla ya kuzungumzia pembe, tazama mpira wa senta beringi. Ukiwa umechanika, pembe inabadilika kila ukikanyaga mafuta na hakuna kipimo kitakachokaa.

Ukiwa mzima, kanuni ni hii: krosi ya kwanza kabisa, ile ya giaboksi, iwe na pembe ndogo, nyuzi 1 hadi 1.5. Mbili zinazofuata ndizo zinazosawazishana. Kwenye gari lililoinuliwa, dawa nafuu ni kushusha senta beringi kwa vipande vya milimita 10 hadi 15 na kupima tena. Mara nyingi hiyo inatosha bila kugusa springi. Madereva wa daladala wanaoongeza bapa ili gari lisiburuze wanastahili kuanzia hapa, badala ya kubadilisha krosi kila mwezi.

Propela hii ikifunguliwa kwenye splaini zake, yaani meno yanayounganisha vipande vyake, weka alama ya patasi au rangi pande zote mbili kwanza. Ikirudishwa jino moja au mawili pembeni, nira haziko tena kwenye mstari, na utatafuta pembe ambayo haina kosa. Pia hakikisha, ekseli ikining'inia hadi mwisho, splaini bado imeingia vya kutosha. Gari lililoinuliwa huivuta nje.

Mark II, Altezza na wenzao wenye difu lililofungwa kwenye bodi hawamo kwenye habari ya kabari. Difu lao halizunguki na springi. Likiinama, sababu ni bushi zilizochoka, na dawa ni bushi. Prado na magari mengine yenye koili na mikono hurekebishwa kwa mikono ya juu yenye nati ya kurefusha na kufupisha, kwa hesabu zilezile.

Baada ya kufunga

Kaza yubolti tena baada ya kilomita 500, kisha jaribu barabarani. Mtetemo ukija unapokanyaga mafuta na kutulia unapoachia, pua ya difu iko juu mno kwa propela ya kawaida. Ukija unapoachia na kutulia unapokanyaga, iko chini mno. Badilisha nyuzi 1 au 2, si zaidi, kisha pima upya sehemu zote tatu. Mtetemo usiobadilika kwa mafuta, unaokuja kwenye mwendo uleule kila mara, mara nyingi hautokani na pembe. Peleka propela ikabalansiwe, na uangalie krosi na matairi kabla ya kurudi chini ya gari na kabari nyingine.